Kiingereza katika Vilima vya Kingerikiti: Kutoka Meli hadi Mtandao

Kingerikiti ni kata ya vilima katika wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mbinga, hata mwaka wa 2012 upande wa ziwa ulipotengwa ukawa wilaya yake wenyewe. Machweo ya jua liko Ziwa Nyasa. Nyuma imepanda milima ya Umatengo yenye mibuni na mashamba ya ngoro. Mtoto azaliwaye katika nchi hii husikia kwanza lugha ya wazazi wake, Kimatengo au Kinyasa. Akienda gulioni, kanisani na shuleni hukuta Kiswahili. Kiingereza hukikuta ubaoni na kitabuni tu. Miaka yote ya shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza huwa somo moja miongoni mwa mengine. Kisha huingia kidato cha kwanza, na asubuhi moja moyo, mmea, joto na udongo vyote vimebadilika majina. Asiyeyajua majina hayo mapya huonekana mjinga wa mambo yenyewe, hata kama amelima udongo huo tangu alipoweza kushika jembe.

Siku hizi yasemwa kwamba dawa ya taabu hii imepatikana, nayo ni intaneti. Masomo ya Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo yamejaa humo, mengi bila malipo, na simu ya mkononi imefika vijijini. Ahadi hiyo si ya uongo. Lakini si ya kwanza kutolewa kando ya ziwa hili, na mwenye kutaka kuipima hana budi kurudi nyuma avitazame vyombo vingine vilivyokileta Kiingereza kabla yake.

Chombo cha kwanza kilikuwa meli. Livingstone alilifikia ziwa mwaka wa 1859, na katika miaka ya 1880 Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilikifanya kisiwa cha Likoma kuwa makao yake. Kutoka huko wamisionari walivuka maji kwenda mwambao wa mashariki, ambao sasa ni wa Tanzania, wakafungua shule vijijini. Aliyejulikana kuliko wengi ni William Percival Johnson, aliyeishi miaka mingi kando ya ziwa na kufia Liuli mwaka wa 1928. Yafaa ikumbukwe kwamba Mwingereza huyu, aliyesoma Oxford, hakuanza kazi kwa kuwalazimisha watu lugha yake. Alianza kwa kujifunza lugha zao, akaitafsiri Biblia kwa Kinyanja cha ziwani. Shule za vijijini zilisomesha kwa lugha za mwambao, na Kiingereza kiliachiwa wachache waliotazamiwa kwenda mbele.

Mwaka wa 1901 meli iitwayo Chauncy Maples ilishushwa majini. Jina lake lilikuwa la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka wa 1895. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari, mito na nchi kavu ili iungwe tena ziwani. Lakini boila lake, lenye uzito wa tani 11, halikuweza kugawanywa. Lilitiwa magurudumu, na Wangoni wapatao 450 wakaliburuta mwendo wa maili 64. Meli ilipokuwa tayari ilifanya kazi ya kanisa, ya hospitali na ya chuo, na vijana waliotakiwa kuwa walimu walisomea humo ilipokuwa ikizunguka ziwa. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Meli haikuwapelekea watu wa vijijini masomo, iliwapelekea walimu. Ilipong'oa nanga, mwalimu alibaki ufukoni, na mtoto mwenye swali alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Wakati huo huo milimani mambo yalishika njia nyingine. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walifungua Peramiho mwaka wa 1898, na Kigonsera mwaka uliofuata. Serikali ya Kijerumani iliendesha kazi zake nyingi kwa Kiswahili, na shule nazo zikaelekea huko. Ndipo vita ikaja. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Vita ilipokwisha nchi yote ikaitwa Tanganyika, ikawa chini ya Waingereza kwa mamlaka ya Shirikisho la Mataifa.

Waingereza hawakukiondoa Kiswahili. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka wa 1924 na kushauri kwamba watoto waanze kwa lugha za kwao na lugha ya Ulaya ifuate baadaye. Katika Tanganyika ushauri huo ulikuwa na maana ya Kiswahili madarasa ya chini na Kiingereza madarasa ya juu. Maneno hayo ni mepesi kuandika, lakini kwa watu wa vilimani yalikuwa mazito, kwa kuwa madarasa ya juu yalikuwa machache na ya mbali. Kijana alitembea kwa miguu siku kadhaa, akalala bwenini, akarudi kwao akiwa mwalimu, karani au mganga wa zahanati. Wengine wote walibaki na Kiswahili chao na jembe lao. Hivyo Kiingereza kilipata sifa ambayo haijakitoka mpaka leo: kilikuwa lugha ya mawasiliano, na papo hapo kilikuwa chekeche cha kuchagulia watu.

Chombo cha pili kilikuwa kitabu chepesi. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, aliona watoto wa huko wakipoteza miaka mingi kutamka sentensi chache bila kuweza kusoma hata ukurasa mmoja. Akatunga vitabu vya kusoma vyenye maneno machache yaliyochaguliwa, maneno mapya yakiingizwa kidogo kidogo na kurudiwa mara nyingi. Mwaka wa 1953 alitoa orodha ya maneno ya Kiingereza yapatayo 2000 yenye kutumika zaidi. Vitabu vya namna hiyo vilienea katika makoloni ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwamo, na hata leo masomo mengi ya intaneti yaliyopangwa kwa madaraja yamejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kazi ya West ilikuwa na hekima kubwa, maana alitambua kwamba mgeni wa lugha haogi baharini siku ya kwanza. Huanza kwenye kina kifupi. Lakini kitabu hakimsahihishi msomaji wake. Mtoto aliyetamka vibaya mbele ya kitabu alitamka vibaya mpaka alipokutana na mwalimu.

Chombo cha tatu kilikuwa redio. Idhaa ya BBC ilianza masomo yake ya Kiingereza kwa Redio mwaka wa 1943. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka wa 1956, na vipindi vya shule vikapata nafasi yake hewani. Mwaka wa 1959 Sauti ya Amerika nayo ilianza matangazo ya Kiingereza chepesi, yaliyosomwa polepole kwa maneno yapatayo 1500. Kwa mara ya kwanza, mtu wa kijijini aliweza kusikia Kiingereza kutoka kinywani mwa mwenye lugha bila kupanda meli wala kwenda bwenini. Faida hiyo haikuwa ndogo. Lakini redio ilitaka betri, na betri ilitaka fedha. Milima ilizuia mawimbi. Na kipindi kilipopita kilikuwa kimepita, kwa kuwa msemaji wa redio hangoji aliye nyuma. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa masomo ya posta. Mwanafunzi aliandika majibu, akayatuma, na mtu wa mbali akayasahihisha na kuyarudisha. Njia hiyo ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa na kile ambacho redio haikuwa nacho: mtu wa kujibu.

Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kubadili mwendo. Tangu mwaka wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kiliimarishwa kuwa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi. Mtoto wa Kingerikiti sasa aliweza kufundishwa hesabu na historia kwa lugha aliyoielewa, na huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini shule za sekondari zilibaki na Kiingereza, na ukuta ukasimama mahali ambapo zamani palikuwa na ngazi. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka wa 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka wa 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka wa 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza mashuleni na vyuoni, wakaeleza kwamba wanafunzi walio wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha ulimwengu. Baadaye ulikuja mradi wa msaada wa Uingereza, na hadithi nyepesi za madaraja, jamaa za vitabu vya West, zikapelekwa katika shule za sekondari ili watoto wasome kwa wingi na kwa furaha.

Hali hiyo ya shule ndiyo iliyoikuta intaneti ilipokuja. Katika ulimwengu mpana, mwaka wa 1995 Dave Sperling alifungua huko California ukurasa wake wa walimu wa Kiingereza, na mwaka huo huo lilianza jarida la mtandaoni la mafundisho ya Kiingereza kwa wageni. Walimu wa Japani, Brazili na Misri wakaanza kubadilishana mazoezi kana kwamba wanakaa chumba kimoja. Kwa Tanzania mlango ulifunguka zaidi mwezi Julai 2009, waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari. Hata hivyo, kutoka Dar es Salaam hadi vilima vya Nyasa ni mbali. Ilipofika mwaka wa 2018 ndipo umeme wa gridi ya taifa ulipowasili Songea kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji huo ulitegemea mashine za dizeli.

Ndani ya nchi nako kazi ilianza. Shule Direct ilianzishwa mwaka wa 2013, ikaweka mtandaoni masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wa Tanzania. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ikaweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya mtandao. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wakakaa nyumbani mpaka tarehe 29 Juni, hazina hizo zilitajwa kila mahali. Mtoto wa mjini ambaye baba yake alikuwa na simu nzuri na fedha za bando aliendelea kusoma. Mtoto wa kilimani alikwenda shambani pamoja na wazazi wake. Chombo kilikuwa kimoja, lakini kiliwatenga watoto kama bweni la zamani lilivyowatenga babu zao.

Hata tukisema kwamba bando na umeme ni mambo ya muda tu, liko jambo jingine lisilokwisha kwa nguzo wala mnara, nalo limo ndani ya masomo yenyewe. Masomo mengi ya mtandaoni yametungwa kwa ajili ya mtu ambaye Kiingereza kimemzunguka: mhamiaji wa Chicago, mwanafunzi wa kigeni London, mfanyakazi wa hoteli ya watalii. Mtu huyo akifunga kitabu, mtaa humfundisha. Kwake Kiingereza ni lugha ya pili kwa haki yote. Mtoto wa Kingerikiti akifunga simu hasikii neno la Kiingereza tena mpaka kesho darasani. Kwake ni lugha ya tatu, na kwa desturi ya maisha ni lugha ya kigeni, ingawa sheria za shule humfanya aitumie kana kwamba alizaliwa nayo.

Tofauti hiyo hudhihirika katika mambo madogo. Somo moja la kawaida sana katika masomo ya namna hii ni lile la kuagiza kahawa mkahawani: mteja asalimu, ataje kikombe kidogo au kikubwa, aulize bei, ashukuru. Mtoto wa vilima hivi ameijua kahawa tangu utoto. Anajua kuichuma ikiiva, kuimenya, kuivundika, kuiosha na kuianika, na kuichagua ili isishuke daraja kwa mnunuzi. Ada na sare za vizazi viwili katika nchi ya Mbinga zimetoka katika kazi hiyo. Lakini somo lile halimwulizi hata moja la hayo. Humfundisha kuinunua kahawa ambayo yeye huiuza. Na siku ya mtihani wa biolojia huulizwa juu ya ua, mbegu na kuchachuka kwa sukari, mambo aliyoyaona kwa macho yake kitaluni kwao, naye hunyamaza kwa kukosa maneno.

Wako wanaoujibu udhaifu huo kwa kusema kwamba afadhali lugha ya kufundishia sekondari ibadilishwe, na mjadala huo ungali na nguvu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka wa 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote, lakini shule za sekondari ziliendelea na Kiingereza. Wako wengine wasemao kwamba mtoto mwenye akili akipewa simu atajifundisha mwenyewe. Hapana shaka wapo wachache waliofanya hivyo, na wanastahili sifa. Lakini chekeche la zamani nalo lilipitisha wachache wenye akili, na shule ya kata haikujengwa kwa ajili ya wachache.

Njia iliyo karibu zaidi na mazingira haya huonekana katika majaribio yaliyofanywa katika miaka ya 2010 na watafiti wa vyuo vikuu vya Dodoma, Aga Khan na Bristol. Walitunga vitabu vya kidato cha kwanza vyenye sentensi fupi za Kiingereza, picha zenye kueleza, na msaada wa Kiswahili, ili mwanafunzi ajadili jambo kwanza kwa lugha anayoielewa kisha alivushe upande wa pili. Hapa Kiswahili hakikufukuzwa darasani kama mwizi, kilifanywa daraja. Johnson alikuwa amelijua jambo hilo zamani kwa njia yake, alipotumia miaka kujifunza lugha za mwambao kabla ya kuwapa watu kitabu. Vifaa vya mtandao vyaweza kufanywa vivyo hivyo, na kwa gharama ndogo kuliko vitabu vya karatasi, kwa kuwa ukurasa wa mtandaoni hurekebishwa bila kuchapwa upya.

Wala si lazima kila mtoto awe na simu wala kila siku iwe na bando. Masomo ya sauti ni mepesi kuliko ya video, na mwalimu aendaye Mbinga mjini aweza kuyapakua mara moja, akayarudisha kijijini katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Spika moja yatosha darasa zima. Lakini mwalimu huyo ndiye aliye na kazi kubwa. Yeye huchagua lifaalo na kuacha lisilofaa. Husimamisha sauti pale darasa lilipopotea, jambo ambalo redio haikuliweza. Hueleza kwa Kiswahili neno lililokwama. Kisha huligeuza somo la mkahawani kuwa somo la mibuni, awaambie watoto waeleze kwa Kiingereza yale waliyoyafanya jana shambani. Asipokuwapo, au akiwapo naye mwenyewe hakijui Kiingereza, mashine hubaki ikisema peke yake.

Kumtegemea mwalimu wa karibu kuna sababu nyingine ambayo miaka hii imeidhihirisha. Mwezi Machi 2025 wafanyakazi karibu wote wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kwa amri ya serikali yao, na masomo ya Kiingereza chepesi, yaliyodumu tangu mwaka wa 1959, yakakatika ghafla pamoja na mengine. Waliokuwa wakiyategemea katika nchi za mbali hawakuulizwa. Kitu kitumwacho kutoka mbali huweza kuzimwa kutoka mbali, lakini masomo yaliyokwisha kupakuliwa, na maarifa yaliyokwisha kukaa kichwani mwa mwalimu wa kijiji, hayazimwi na mtu.

Meli, kitabu, redio, barua na mtandao vilifika kwa zamu, kila kimoja kikisifiwa kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kilikuwa na manufaa yake. Lakini hakuna hata kimoja kilichoupanda mlima peke yake. Boila la Chauncy Maples lilikuwa na nguvu ya kuisukuma meli nzima katika ziwa lenye dhoruba. Hata hivyo lilifika ziwani kwa sababu watu 450 walishika kamba na kulivuta. Mtandao nao una nguvu nyingi, na mzigo wake sasa umefika chini ya vilima vya Kingerikiti. Wa kuuvuta mpaka juu ni mwalimu wa shule ya kata, na haki yake ni kupewa kamba ya kutosha: mafunzo ya Kiingereza yake mwenyewe, vifaa vyenye harufu ya udongo wa kwao, na ruhusa ya kukitumia Kiswahili kama daraja bila kuona haya.